Rejista ya samaki wa madiko ya Lamu: shajara ya mradi, namba za rekodi

Msimu wa kusi: madaftari kabla ya mashine

Rejista hii ni ya kikundi cha wavuvi chenye makarani katika madiko 6: Lamu mjini, Shela, Matondoni, Faza, Kizingitini na Kiwayu. Kila diko lina daftari lake, na mstari mmoja wa daftari huwa na tarehe, jina la chombo, nahodha, aina ya samaki, kilo, bei na mchuuzi aliyenunua. Kabla ya kuchora skrini yoyote, lazima iamuliwe kila chombo na kila ushushaji utatambulishwa kwa kitu gani.

Jina la chombo halifai. Majina hujirudia ndani ya daftari moja, na mashua ikiuzwa huenda mwenyewe mpya akaipa jina jingine. Namba ya usajili iliyopakwa rangi ubavuni hufifia, huandikwa upya kwa makosa, na mitumbwi mingine haina kabisa. Namba ya simu ya nahodha hubadilika. Namba ya kitambulisho ni siri ya mtu, haina sababu ya kusambaa katika kila jedwali. Lilitolewa pia wazo la namba yenye maana, kama KIZ-NG-014: diko, aina ya chombo, halafu mfululizo. Limekataliwa. Ngalawa ya Kizingitini ikihamia Faza namba hiyo inakuwa ya uongo, na ukitaka kuirekebisha utairekebisha kila ilipowahi kunukuliwa, pamoja na kwenye karatasi zilizoko mifukoni mwa watu.

Uamuzi: kila jedwali lina safu ya `id`, namba tupu isiyo na maana yoyote, inayotolewa na hifadhidata yenyewe. Mengine yote yana safu zake na yanaruhusiwa kubadilika. Kisichotakiwa kujirudia, mfano namba ya usajili, kinawekewa UNIQUE yake (sharti la kukataa marudio) juu ya hiyo `id`. Hili husahaulika mno. `id` ya mashine haimzuii karani kuandikisha mashua ileile mara mbili, kwa kuwa kila uandikishaji unapewa namba mpya na hifadhidata haioni kasoro.

Aina ya safu

Seva inaendesha PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Njia ya zamani ya kupata namba mfululizo humo ni SERIAL. Tangu toleo la 10, la mwaka 2017, ipo IDENTITY, ambayo ni ya kiwango rasmi cha SQL, lugha ya hifadhidata, na ndiyo tunayotumia:

```
CREATE TABLE ushushaji (
  id        bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  diko_id   smallint NOT NULL REFERENCES diko,
  chombo_id bigint NOT NULL REFERENCES chombo,
  wakati    timestamptz NOT NULL
);
```

ALWAYS imewekwa kwa makusudi. Chini ya SERIAL mtu yeyote anaweza kuandika `id` kwa mkono, hifadhidata ikaikubali bila neno, na mfululizo (kihesabio kinachotoa namba) usijue kwamba namba hiyo imekwisha kutumika. Siku mfululizo ukiifikia, uandikishaji unagonga mwamba kwa kosa la ufunguo uliojirudia. Kwa ALWAYS, INSERT (amri ya kuandika rekodi) yenye `id` ya mkono inakataliwa palepale isipokuwa umeandika OVERRIDING SYSTEM VALUE. Kuna mlango mmoja uliobaki wazi: amri ya COPY, ya kuingiza rekodi nyingi kutoka faili, huandika namba zilizomo hata safu ikiwa ALWAYS.

Kuhusu ukubwa. `smallint` inaishia 32,767. `Integer` inaishia 2,147,483,647. `Bigint` inavuka trilioni milioni 9. Tukikadiria ushushaji 200 kwa siku kwa madiko yote, `smallint` ingejaa kabla ya miezi 6. `integer` ingedumu zaidi ya miaka 29,000, kwa hiyo kwa hesabu kavu ingetosha. Hata hivyo majedwali yanayokua yamewekwa `bigint`. Tofauti ni baiti 4 kwa rekodi, yaani chini ya kilobaiti 300 kwa mwaka kwa jedwali hili, ilhali kubadilisha aina ya safu baadaye kunalazimisha jedwali zima liandikwe upya, pamoja na kila jedwali linaloirejelea, huku makarani wakisubiri. `smallint` imebaki kwenye orodha ya madiko na orodha ya aina za samaki, ambazo hazitafika hata mia chache.

Kuhamisha vyombo vya zamani

Orodha ya vyombo ndiyo pekee inayoingia na namba zake za zamani, kwa sababu kadi za manahodha tayari zina namba hizo. Madaftari ya ushushaji hayaingii hivyo. Namba ya mstari wa daftari inahifadhiwa katika safu ya `namba_ya_daftari`, na `id` inatolewa upya, maana kila diko lilianza daftari lake kwenye 1.

Vyombo ni 412. Baada ya COPY, mfululizo wa jedwali hilo bado unadhani haujatoa namba hata moja. Ukiandikisha chombo kipya unapewa 1, na 1 ipo. Ukijaribu tena unapewa 2, nayo ipo. Hapa pana kituko kinachowachanganya wengi: namba iliyotolewa na mfululizo hairudi hata uandikishaji ukishindwa, kwa hiyo kila jaribio linausogeza mbele hatua moja. Karani mwenye subira akibonyeza kitufe mara 412, la 413 linapita, na kila mtu anaamini mtandao ndio uliokuwa mbaya. Dawa ni mstari mmoja wa `setval`, unaousogeza mfululizo hadi namba kubwa iliyopo, nao unawekwa ndani ya hati ya uhamisho yenyewe ili usiachiwe kumbukumbu ya mtu:

```
SELECT setval(pg_get_serial_sequence('chombo','id'),
              (SELECT max(id) FROM chombo));
```

Baada ya hapo namba inayofuata ni 413. Jedwali likiwa tupu, `max` haina jibu na `setval` haifanyi chochote, basi hapana madhara.

Data ya majaribio inafutwa kwa TRUNCATE (kufuta jedwali zima) yenye RESTART IDENTITY (kuanza namba upya). TRUNCATE peke yake, na DELETE pia, huacha mfululizo ulipokuwa.

Mweka hazina na mapengo

Swali lililotarajiwa limefika: rekodi 118 ipo, 121 ipo, 119 na 120 ziko wapi, nani amezifuta? Hakuna aliyezifuta, ila ni swali la haki kwa mtu ambaye maisha yake yote ya hesabu ni kitabu chenye kurasa zilizopigwa namba. Ameonyeshwa kwenye skrini:

```
BEGIN;
INSERT INTO ushushaji (diko_id, chombo_id, wakati)
  VALUES (2, 57, now()) RETURNING id; -- 122
ROLLBACK;
INSERT INTO ushushaji (diko_id, chombo_id, wakati)
  VALUES (2, 57, now()) RETURNING id; -- 123
```

122 imetolewa na muamala (kundi la amri zinazokubaliwa au kutenguliwa pamoja) ukatenguliwa kwa ROLLBACK. Mfululizo haungoji kujua muamala uliishaje. Ungengoja, karani wa pili asingepata namba mpaka wa kwanza amalize, na madiko yote 6 yangepanga foleni nyuma ya mwenye mtandao mbovu kuliko wote. Pengo ndiyo bei ya kutongojana.

Mapengo yana vyanzo vingine. Chombo kisichokuwepo kikitajwa, rekodi inakataliwa na namba imekwenda. ON CONFLICT DO NOTHING (rekodi ikigongana, usiandike) huchukua namba kwanza ndipo ikagundua kwamba rekodi tayari ipo. Halafu kuna stima. Ili kupunguza kazi ya diski, PostgreSQL huandika kwenye kumbukumbu zake kwamba imekwenda mbele namba 32 kuliko ilipo, na seva ikizimika ghafla huamka ikianzia hapo. Ukitaka kuona kwa macho: unda jedwali jipya, andika rekodi moja, chomoa waya wa umeme wa kompyuta ya majaribio. Rekodi ya pili mara nyingi hupata 34. Seva ikizimwa kwa utaratibu mruko huo haupo. Betri ya akiba imeunganishwa na seva kwa waya wa USB ili iizime yenyewe chaji ikipungua, ingawa sababu kubwa ya kufanya hivyo ni usalama wa diski. Mruko wa namba hauna hasara.

Lenye hasara ni kuamini kwamba mpangilio wa `id` ni mpangilio wa wakati. Karani wa Faza anachukua 501, mtandao wake unasuasua. Wa Shela anachukua 502 na kumaliza kwanza. Ripoti ya usiku ikisoma "kila kilichozidi namba ya mwisho niliyoiona", itaiona 502, itaweka alama hapo, na 501 ikitua sekunde chache baadaye haitasomwa milele. Hapana ujumbe wa kosa. Jumla ya kilo inapungua tu, na kilo zinazopungua hutafutwa kwa mtu. Ripoti sasa inasoma rekodi ambazo safu yake ya `imeripotiwa` haijajazwa, na inaijaza ndani ya muamala uleule, kwa orodha ya `id` ilizozisoma.

Stakabadhi ni habari nyingine

Namba ya stakabadhi haiwezi kuwa `id`. Stakabadhi haitakiwi kuruka hata moja, inaanza upya kila mwaka, na kila diko lina mfululizo wake. Njia ya mkato anayoifikiria kila mtu, kusoma `max` na kuongeza 1, inavunjika makarani wawili wakiuza kwa wakati mmoja: wote wanasoma 57, wote wanaandika 58. Ikiwepo UNIQUE mmoja anakataliwa, isipokuwepo wachuuzi wawili wanaondoka na namba moja. Tena ukifuta ya mwisho, namba yake inatolewa tena kwa mtu mwingine.

Tumeweka jedwali dogo la kaunta, rekodi moja kwa kila diko na mwaka:

```
INSERT INTO kaunta_stakabadhi AS k (diko_id, mwaka, ya_mwisho)
VALUES (:diko,
        extract(year FROM now() AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi'), 1)
ON CONFLICT (diko_id, mwaka)
DO UPDATE SET ya_mwisho = k.ya_mwisho + 1
RETURNING ya_mwisho;
```

Amri hii inakaa ndani ya muamala mmoja na uandishi wa stakabadhi. Muamala ukitenguliwa, kaunta nayo inarudi, hivyo hapana pengo. Kwa kuwa imeandikwa kama INSERT yenye kuongeza, tarehe 1 Januari haina haja ya mtu kuamka kuandaa rekodi ya mwaka mpya. Saa za Nairobi zimetajwa waziwazi kwa sababu seva inahesabu saa za UTC, nyuma yetu kwa saa 3. Chombo kikishusha saa 8 usiku wa kuamkia mwaka mpya, seva bado iko mwaka jana.

Gharama yake ni kwamba rekodi ya kaunta inafungwa mpaka muamala uishe, na karani mwingine wa diko hilohilo anangoja. Ndiyo sababu kila diko likapewa kaunta yake, Kizingitini isiizuie Matondoni. Ndani ya muamala, kaunta inaguswa mwisho kabisa, baada ya kilo na bei kuhakikiwa. Printa haimo ndani ya muamala kabisa. Karatasi ikikwama kwenye printa huku muamala ungali wazi, diko zima linasimama. Kwa hiyo kwanza muamala unafungwa, ndipo karatasi itoke, na ikichanika inachapishwa nakala yenye namba ileile. Stakabadhi iliyokosewa haifutwi. Inawekwa hali ya kubatilishwa, na sababu yake.

Jambo moja limejadiliwa kwenye kikao: namba mfululizo zinatoboa siri ya wingi. Katika Vita vya Pili vya Dunia wataalamu wa takwimu wa Uingereza na Marekani walikadiria vifaru vilivyoundwa na Ujerumani kwa kusoma namba za mfululizo kwenye vipuri vya vifaru vilivyotekwa. Mchuuzi mwenye stakabadhi 1,204 ya Jumatatu hii na 1,790 ya Jumatatu ijayo anajua diko limeuza mara 586. Kikundi kimesema hapana siri hapo, bei zinatajwa hadharani dikoni kila mtu akisikia. Sawa. Lakini viungo vya mtandao vya kutazama rekodi havitumii `id` wala stakabadhi peke yake. Kila ombi linahakikiwa kama aliyeingia ana haki ya kuona rekodi hiyo, kwa sababu mwenye 122 hakawii kujaribu 123.

Simu zisizo na mtandao: Kiwayu na Kizingitini

Simu za makarani hutumia SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu. Humo safu ya INTEGER PRIMARY KEY hujipa namba yenyewe, kwa kawaida ile kubwa iliyopo ukiongeza 1. Maana yake ni kwamba karani akifuta rekodi ya mwisho, inayofuata hupewa namba ya marehemu. Ukiongeza neno AUTOINCREMENT, SQLite hukumbuka namba kubwa iliyowahi kutolewa katika jedwali la `sqlite_sequence` na hairudii. Simu zote zimewekewa neno hilo.

Tatizo kubwa ni kwamba kila simu inaanza na 1. Zimepimwa njia tatu. Ya kwanza, kila simu kupewa fungu la namba, mfano 1,000, na kuomba jingine likiisha: inafanya kazi, ila simu ikikaa baharini muda mrefu fungu linaweza kuisha kabla haijarudi mtandaoni. Ya pili ni UUID, kitambulisho kirefu cha baiti 16, inayozalishwa popote bila kuuliza mtu. Hiyo ni nzuri, lakini hakuna karani wa kuisoma kwa sauti kwenye simu. Iliyochaguliwa ni jozi: `kifaa_id` na `namba_ya_kifaa`, zenye UNIQUE ya pamoja kwenye seva. Seva bado inatoa `id` yake na kuirudisha kwa simu.

Jozi hiyo inatibu pia utumaji wa mara mbili. Mtandao ukikatika baada ya seva kupokea lakini kabla simu haijajibiwa, simu itatuma tena, na ON CONFLICT DO NOTHING itaizuia ya pili. Hapo pana mitego miwili. DO NOTHING hairudishi `id` yoyote kwa rekodi iliyozuiwa, basi seva inapaswa kuitafuta kwa SELECT na kuijibu simu. Isipojibu, simu itatuma bila kikomo. Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Programu ikiondolewa na kuwekwa upya kwenye simu, SQLite inaanza tena kwenye 1. Kama `kifaa_id` imebaki ileile, ushushaji mpya wa leo unafanana kwa jozi na wa zamani, seva inaona ni marudio, inautupa, na simu inaambiwa "imepokelewa". Kilo 40 za kamba mawe zinapotea bila alama. Kwa hiyo `kifaa_id` ni ya usakinishaji na si ya simu: kila programu inapowekwa huomba namba mpya kwa seva kabla ya kuruhusu kuandika. Juu ya hilo, jozi ikigongana seva inalinganisha chombo, wakati na kilo. Vikitofautiana rekodi inakwenda jedwali la mashaka, na karani anapigiwa.

Stakabadhi za madiko hayo mawili zimebaki za kitabu kilichochapwa namba kiwandani. Simu inahifadhi namba iliyochapwa tu; kaunta ya seva haihusiki.

Mistari ya aina za samaki, changu kilo 14, tafi kilo 6, na kadhalika, inafungwa kwenye ushushaji wake kwa `id` iliyorudishwa na RETURNING. Hairuhusiwi kusoma `max(id)` baada ya kuandika: kati ya kuandika na kusoma, diko jingine limeshaandika, na tafi wa Shela wanahesabiwa kwa nahodha wa Matondoni. PostgreSQL haitengenezi yenyewe faharasa (orodha ya kutafutia haraka) kwenye safu inayorejelea. Imeongezwa kwa mkono juu ya `ushushaji_id`.

Kadi za vyombo

Namba ya chombo hutajwa kwa mdomo kwenye upepo na kelele za mashine, na 413 husikika 431. Kadi mpya zina tarakimu ya ukaguzi kwa kanuni ya Luhn. Kwa 413: kuanzia kulia, 3 mara mbili ni 6, 1 inabaki 1, 4 mara mbili ni 8, jumla 15, ya kufikisha 20 ni 5. Kadi inaandikwa 413-5. Akiandika 431-5 jumla ni 18, haigawanyiki kwa 10, skrini inakataa. Luhn hunasa kosa lolote la tarakimu moja na karibu kila kupishana kwa tarakimu jirani, isipokuwa 09 na 90. Tarakimu hiyo haihifadhiwi kwenye hifadhidata, inakokotolewa wakati wa kuchapa na wakati wa kusoma.

Kurejesha kutoka nakala rudufu

Nakala ya `pg_dump` (programu ya kunakili hifadhidata) hubeba hali ya kila mfululizo, kwa hiyo kurejesha jedwali kamili hakuhitaji `setval`. Hatari iko kwenye muda. Nakala ni ya usiku. Seva ikifa alasiri na nakala ikarejeshwa, mfululizo unarudi ulipokuwa usiku na kuanza kutoa tena namba zilizokwisha kutolewa asubuhi. Simu zina namba hizo, ripoti zilizotumwa zina namba hizo. Rekodi ya jioni inavaa namba ya rekodi ya asubuhi, na simu inadhani kazi yake iko salama.

Utaratibu ulioandikwa ukutani karibu na seva: baada ya kurejesha, kabla ya kufungua mtandao, kila mfululizo unarushwa mbele kwa 10,000.

```
SELECT setval(pg_get_serial_sequence('ushushaji','id'),
              (SELECT max(id) + 10000 FROM ushushaji));
```

Kisha simu zinaamriwa kutuma upya kila kitu cha saa 48 zilizopita. Jozi ya kifaa na namba inachuja yaliyopo. Kaunta za stakabadhi hazirushwi. Hizo zinarudishwa kwa kufuata karatasi: karani wa kila diko anasoma namba ya stakabadhi ya mwisho iliyotoka, `ya_mwisho` inawekwa hapo, na zilizopotea katikati zinaandikwa upya kutoka kwenye nakala za karatasi kabla diko halijafunguliwa.

Seva ya pili iliyopangwa kuwekwa Mokowe itakwenda kwa utaratibu huohuo. Ikiwa itapokea data kwa urudufishaji wa kimantiki (kupelekewa mabadiliko ya rekodi moja moja), rekodi zitafika lakini hali ya mifululizo haifiki, angalau hadi toleo la 17 tunalotumia, na siku ya kuigeuza kuwa seva kuu `setval` zitaendeshwa kwa majedwali yote. Hati yake inaorodhesha mifululizo kutoka `pg_sequences`, ili jedwali litakaloongezwa mwakani lisiachwe nje.